Shimo la Bakuli

Maneno haya niliyasema Bagamoyo mbele ya watafiti wa vyuo vikuu wanaoshughulika na ujumi, yaani falsafa ya uzuri, na historia ya sanaa, pamoja na wanafunzi na mafundi wa mjini. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, isipokuwa pale kipaza sauti kilipozima nikawa napiga kelele kama mpiga debe.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wageni wetu wa vyuo vya mbali na vya karibu, mafundi mlioacha kazi zenu asubuhi hii, wanafunzi: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana ameivua saa yake na kuiweka mezani kabla sijasimama. Kwa hiyo sitazunguka. Nitaanza na shimo.

Kilomita chache kusini ya hapa, pale Kaole, kuna makaburi ya mawe ya wenyeji wa zamani, na baadhi yake yamesimamishiwa nguzo. Ukisogea karibu utaona viduara vimezama kwenye chokaa, kama alama inayoachwa na kikombe kwenye meza yenye maji. Humo mlikaa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mengine yalivunjika, mengine yalibanduliwa na watu wenye haraka, mengine yakahifadhiwa makumbusho. Mashimo yamebaki.

Sasa mwulize mwanahistoria wa sanaa habari za Kaole. Atakueleza bakuli. Atakwambia kijani kile ni cha tanuri gani, cha watawala gani wa Uchina, cha karne ya ngapi. Simlaumu. Bakuli ndilo linalompa tarehe, kwa kuwa matanuri ya Uchina yamechunguzwa na kuandikwa sana, na mwanaakiolojia akiokota kigae kimoja tu cha namna hiyo anajua yuko wapi kwenye kalenda. Neville Chittick alipochimba Kaole mwaka 1958, vigae vya kutoka ng'ambo ndivyo vilivyokuwa saa yake.

Lakini shimo je? Mwashi wa hapa hapa alilishika bakuli lile, akaligeuza, akapima kitako chake kwa jicho, akaacha nafasi kwenye chokaa mbichi, akalikandamiza likakaa kwa vizazi na vizazi. Akaamua hili liende juu, lile liende pembeni, na kati yao paachwe ukuta mtupu. Bakuli lilikuwa limeumbwa lipakuliwe chakula. Yeye akalifanya nyota ya ukutani. Uamuzi ule ni ujumi mtupu, mabibi na mabwana. Nendeni maktaba mkahesabu: kurasa zinazozungumzia mabakuli ya Kaole, na ya Tongoni kule Tanga ambako nguzo ni nyingi zaidi, na kurasa zinazomzungumzia mwashi aliyejua pa kuyaweka.

Mwenyekiti akinikatisha sasa hivi, nitakuwa nimeshasema nililokuja kulisema. Lakini naona bado ananitazama kwa upole.

Wanafunzi wangu hulikimbia neno ujumi, wanadhani ni jina la ugonjwa. Niwape moyo: hata Ulaya neno lake si la kale. Mjerumani Alexander Baumgarten alilitia neno estetika kwenye falsafa mwaka 1735, akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1750 akalitolea kitabu. Alilitoa kwenye Kigiriki, kwenye neno la kuhisi na kutambua kwa macho, kwa masikio, kwa ngozi. Mwaka 1790 mwanafalsafa Kant naye akaja na uchambuzi wake wa namna tunavyoamua kuwa kitu ni kizuri. Na katika karne hiyo yote wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu kitu walichokiita ladha. Ladha! Watu waliokuwa na msamiati wote wa falsafa, walipofika kwenye uzuri wakaenda kuazima neno jikoni.

Na sisi tumeazima huko huko. Mtoto wa Bagamoyo akitoka kwenye ngoma hakwambii ilikuwa nzuri, anakwambia ilikuwa tamu. Hadithi tamu, sauti tamu, mchezo mtamu. Hata mpira, timu yake ikishinda, ulikuwa mtamu. Lakini hamtamsikia mtu akisema mlango mtamu. Mlango ni mzuri, au kwa mafundi, mlango umekaa. Mashua imekaa. Kofia imekaa. Hapo pana shahada ya udaktari ya mtu, nami naigawa bure: kwa nini utamu tumewapa vitu vinavyopita, vinavyoyeyuka kama halua ulimini, na kukaa tumewapa vitu vinavyobaki? Atakayeifanya kazi hiyo asianzie kwa Kant. Aanzie pwani pale, wanapochonga mashua, akae kwenye kivuli asikilize mafundi wanavyosifiana na wanavyosutana. "Fulani ana mkono." "Huyu mkono wake mzito." "Ubavu umekwenda upogo." Hiyo ni hukumu ya uzuri, na inatolewa kila siku kabla ya chai ya saa nne.

Neno sanaa lenyewe lina kisa. Kwa Kiarabu asili yake ni kazi ya mkono, utengenezaji. Neno lao la kile tunachokiita sanaa leo ni lile lililozaa fani yetu. Yote mawili yalipanda jahazi yakashuka pwani hii, na huku yakabadilishana viti. Sanaa ikapanda cheo. Fani ikawa tawi la elimu, au kwa wahakiki wa fasihi, umbo la kazi likitengwa na maudhui. Yaani Mswahili alipohitaji jina la kitu hiki kikubwa, alilichukua karakanani. Kwa hiyo mgeni anayekuja na masanduku mawili, moja la sanaa na moja la ufundi, lugha yenyewe inamzuia kizingitini na kumwomba aache sanduku moja nje.

Nadharia pia tunazo, ila hatuziiti hivyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954, kwa Kiswahili, akieleza vina na mizani kwa mtu anayetaka kutunga. Ulinganifu huo wa vina na mizani ndio washairi wanauita urari, na mimi naona neno hilo linaweza kubeba zaidi ya ushairi. Nitalirudia tukifika kwenye mlango.

Nije kwenye historia ya sanaa. Huko Italia, mchoraji Giorgio Vasari alitoa mwaka 1550 kitabu cha maisha ya wasanii: fulani alizaliwa wapi, alifundishwa na nani, aligombana na nani kwa sababu ya malipo. Kina porojo nyingi, lakini kimejaa majina. Johann Winckelmann akafuata mwaka 1764 na historia ya sanaa ya kale akaipanga kwa vipindi na mitindo, na sanaa aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Wagiriki, ingawa Ugiriki kwenyewe hakuwahi kukanyaga. (Nawaambia hivi ili msione haya mkikutana na mtu aliyeandika kuhusu Bagamoyo bila kulowa jasho la Bagamoyo. Ni mila ya taaluma.)

Sanamu za Afrika zilipoanza kupewa heshima Ulaya, mambo yalianza kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1907 mchoraji Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro pale Paris, akaziona, akatoka ameshtuka. Mwaka 1915 mhakiki wa Kijerumani, Carl Einstein, akatoa kitabu kilichozitetea sanamu za Kiafrika kuwa sanaa kamili, wakati wengi wakiziona vinyago vya kutishia watoto. Ni kitabu cha ujasiri, nakiheshimu. Ila picha zake zimepangwa bila maelezo: hakuna jina la mchongaji, hakuna kijiji, hakuna mwaka. Ulaya ilianza historia yake kwa majina ya watu, sisi tukaingizwa humo bila hata jina la mtaa.

Kadi za makumbusho zikaendeleza hivyo hivyo. Nimeshika kadi za namna hiyo. Jina la aliyekileta kifaa lipo, pamoja na cheo chake jeshini au kanisani. Tarehe ya kufika ipo. Urefu kwa sentimita upo. Mahali pa kuandika aliyekitengeneza, pameandikwa kabila, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja kwa pamoja. Siku hizi tunazungumza na Wajerumani kuhusu mali zilizochukuliwa enzi za ukoloni. Rais Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa yaliyofanyika wakati wa Vita vya Majimaji, na mazungumzo ya vitu vilivyoko Berlin na kwingineko yanaendelea. Nayaunga mkono kwa mikono miwili. Lakini vitu vikirudi na kadi zake zile zile, vitarudi yatima, na sisi tutavipokea tukivisomea kadi hizo hizo kwa sauti.

Mimi nisijitoe. Nina kadi yangu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilikuja mji huu na kamera ya kuazima, daftari, na swali moja nililofundwa darasani: nakshi hii ina maana gani? Nikapelekwa kwa mzee mmoja, fundi wa milango, mitaa ya nyuma ya Ngome Kongwe. Nilimkuta ananoa patasi. Nikamwonyesha mnyororo uliochongwa kuzunguka miimo ya mlango. Nilikuwa nimejiandaa, nilikwisha kusikia majibu yote: mnyororo ni ulinzi wa nyumba, wengine, hasa waongoza watalii, watakwambia ni utumwa, samaki ni uzazi, mtende ni neema. Nilitaka tu mzee anichagulie moja, niandike.

Akautazama mnyororo, akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "maana yake ukingo umefungwa."

Nikaandika daftarini, na daftari ninalo mpaka leo: Fundi hajui maana.

Nilikuwa mjinga mwenye kalamu. Nilikwenda kwake siku nyingi baada ya hapo, nikipiga picha, na yeye hakuchoka kunifundisha, ila mimi sikujua kuwa nafundishwa. Alikuwa na bikari iliyolegea msumari. Huchora kwanza duara, hulikata kwa maduara mengine, na ua linatokea lenyewe katikati bila yeye kulichora. Kisha huchora mtambaa, ule mchoro wa mmea unaotambaa, akiniambia, "Jani likitoka hapa, lazima lipate pa kurudi." Lisiporudi, jicho la mtazamaji linatoka nje ya mlango, linakwenda ukutani, na mlango unakufa. Ndiyo maana ya mnyororo: unalirudisha jicho. Mfaa, ule ubao wa katikati unaosimama baina ya mbao mbili za mlango, alisema ndio pua. Ukiukosea, hata macho yakiwa mazuri uso hauna sura. Na alikataa mbao mbichi hata mteja akilia, maana ubao ukikauka baadaye unapinda, na mchoro wote unapinda nao.

Ndugu zangu, yule mzee alikuwa akinisomea urari. Alikuwa akinieleza kituo, kina, na pa kurudia, kwenye mninga badala ya karatasi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale namsubiri aniambie kuhusu utumwa.

Simaanishi kwamba alama hazina maana. Watu huzipa maana, na maana hizo nazo zina historia. Nani alianza kuzisema, lini, mbele ya wateja gani. Lakini swali la maana liliziba masikio yangu, likanifanya nimwone bwana wa kazi kama shahidi asiyejua kesi.

Tasnifu ikapita. Ilikuwa na picha nyingi nzuri. Miaka ikapita, nikapata nakala ya ziada, nikaileta Bagamoyo kwa fahari. Mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanawe akanipokea, akafuta mikono unga wa mbao, akaanza kufungua kurasa polepole. Akafika kwenye mlango wa baba yake. Chini yake palikuwa pameandikwa: Mlango wa nakshi, Bagamoyo. Akaendelea kufungua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, kwenye ukurasa wa shukrani, ambapo nilimshukuru msimamizi wangu, wafadhili, wakutubi, na dada aliyenipigia chapa. Akaniuliza, bila hasira yoyote, "Sasa mzee yuko ukurasa wa ngapi?"

Akanimiminia chai. Nikainywa, sijui ilikuwa na sukari au haikuwa nayo.

Mtaniambia, basi tuandike majina, kazi imekwisha. Haijaisha, na Edward Saidi Tingatinga ni ushahidi. Huyu alitoka Tunduru, na mwaka 1968 hivi, pale Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao ngumu za kiwandani kwa rangi za baiskeli. Alifanya kazi hiyo kwa miaka michache tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wachoraji waliokuja nyuma yake, wengi wao hodari, wanaitwa kwa jina lake badala ya majina yao, na sahihi yake imeghushiwa kwa kuwa jina limepata bei. Kwa muda mrefu wasomi waliitupa kazi hiyo kwenye kapu la sanaa ya watalii, hawakutaka kuigusa. Hivyo jina peke yake linaweza kuwafunika wengine, kama dari linavyofunika boriti.

Na kuna kazi ambazo hata ukipata jina bado hujui umempata nani. Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa nchi hii tuliyosimama, wana mwana hiti. Ni kijisanamu cha mti kisichozidi sana kiganja kwa urefu, hakina mikono wala miguu, kichwa kimechongwa nywele zilizosimama. Mwali aliyewekwa ndani alikuwa akipewa, akakilea kama mtoto, akakiogesha, akakipaka mafuta. Ule mng'ao mweusi mnaousifu kwenye makumbusho hakuutia mchongaji. Umetiwa na mikono ya wasichana, mmoja baada ya mwingine. Sasa msanii ni nani? Fundi alikimaliza, au alikianza tu? Na kile kilichomo ndani ya kioo, ambacho hakijapakwa mafuta kwa miaka mia, ni kazi ile ile? Hili swali Winckelmann hakulipata, kwa sababu marumaru haziogeshwi na mwali.

Tuliyajua haya kwa kiasi kikubwa kwa sababu mtafiti mmoja kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alikwenda kukaa na wanawake wa Kizaramo katika miaka ya 1960, akajifunza kwao mambo ya mwali na mila zake. Baadaye yeye na wenzake, Wafini na Watanzania, walifanya mradi wa utafiti wa utamaduni na maendeleo magharibi ya wilaya hii ya Bagamoyo, kuanzia mwaka 1975, kwa ushirikiano wa wizara yetu ya utamaduni na Akademia ya Finland. Wakauita Jipemoyo. Ikiwa ni kweli kama wasemavyo kwamba mji huu ni Bwaga-moyo, basi wale walikuja na jibu lake mfukoni. Wazo lao lilikuwa kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenzako, na ujuzi ukitekwa kisimani usipakiwe wote kwenye meli. Miradi ina makosa yake, na huo ulikuwa na yake. Lakini wanafunzi wa sanaa wa leo wanajua habari za Paris 1907 na hawajui habari za Jipemoyo, iliyofanyika mwendo wa basi moja kutoka hapa. Hapo naona haya kwa niaba ya sisi tunaowafundisha.

Naona saa imenyanyuliwa. Nina mawili ya haraka.

La kwanza ni pesa, na msijikune. Mtafiti akikaa na fundi siku nzima, fundi siku hiyo hakuuza kitu. Chuo kimekulipia ndege, hoteli na bima ya kamera. Kwenye bajeti yako weka siku ya fundi, kwa kiwango cha fundi, si kiwango cha soda.

La pili ni lugha. Tasnifu yako andika kwa lugha ambayo chuo chako kinataka. Lakini maneno ya kazi, mfaa, miimo, mtambaa, njumu, ukili, umekaa, upogo, yaache yasimame kwa jina lake ndani ya sentensi zako, usiyapeleke kwenye italiki kama wagonjwa wodini. Kisha keti uandike kurasa kumi kwa Kiswahili, uzilete. Mwana wa fundi yule anasoma vizuri sana Kiswahili. Nakala yangu nilimwandikia upya sura ya milango, kwa mkono, na chini ya picha nikaandika jina. Nililiandika kwa wino, na nilichelewa.

Kesho basi la Kaole linaondoka saa mbili kamili, saa mbili ya ukutani, si ya mwaliko wa harusi. Vaeni viatu vya kufunga, na mbu wanawajua wageni. Tunakwenda na waashi wawili wa mji huu wanaojua kuchoma chokaa ya matumbawe. Siku yao imeshalipwa. Tukifika kwenye kaburi lenye nguzo, kabla hamjafungua kamera, waacheni wao kwanza watie mkono kwenye shimo la bakuli watuambie limechimbwaje. Majina yao watawatajia wenyewe, shikeni kalamu.